Mchora Vichekesho na Nafasi Yake katika Utamaduni wa Taifa

Mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaisikia arusini na ngomani, na walimu wetu huitoa katika mitihani ili wanafunzi waieleze maana yake. Lakini yuko mchezaji mmoja ambaye amecheza kwao kwa miaka mingi, mbele ya watazamaji wengi kuliko mwanangoma ye yote, na mpaka leo hajatunzwa kwa kadiri ya mchezo wake. Mchezaji huyo ni mchora vichekesho wa magazetini. Shabaha ya makala haya ni kumtetea. Twasema tangu mwanzo, ili msomaji asije akadhani tumemvizia, kwamba katuni ya kichekesho ni tawi halali la sanaa ya Kiswahili. Kwamba mtu aliyeishika kazi hiyo kwa maisha yake yote astahili kuwekwa katika daraja moja na mshairi na mchongaji. Na kwamba sisi tuliopewa dhamana ya kufundisha na kuhifadhi utamaduni tumelala katika jambo hili.

Sisi tuliozaliwa katika miaka iliyo karibu na Azimio la Arusha la 1967 tulijifunza kusoma gazeti kuanzia kwenye picha. Gazeti lenyewe lilikuwa Uhuru, wakati huo gazeti la TANU, na tangu 1977 gazeti la Chama Cha Mapinduzi. Ndani yake alikaa Chakubanga, mhusika aliyechorwa na Christian Gregory tangu miaka ya mwisho ya 1960. Gazeti moja lilipofika dukani kijijini lilisomwa na watu ishirini. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wenzake hotuba na bei za mazao; lakini kabla ya hotuba hakukosekana mtu wa kuuliza, "Leo Chakubanga kasemaje?" Hizo zilikuwa siku za kampeni za kisomo cha watu wazima. Twawakumbuka wazee waliokuwa wakiitazama picha kwanza, kisha wakiyafuata maneno ya chini yake herufi kwa herufi, kwa kuwa hawakutaka kungoja kuchekeshwa na mtu mwingine. Kitabu cha kisomo kiliwapa herufi, na Chakubanga akawapa sababu ya kuzitumia.

Katuni ya kichekesho ni nini?

Kabla ya kutetea jambo yapasa kulieleza. Watu huita "katuni" mambo matatu yasiyofanana. Jambo la kwanza ni katuni ya siasa, ambayo humchora kiongozi au tukio la juma lile na kutoa hukumu juu yake. La pili ni hadithi ya picha, yenye visanduku vingi vinavyofuatana, kama zile zilizolipatia umaarufu jarida la Sani, ambalo jina lake limeungwa kutokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. La tatu, nalo ndilo shabaha yetu hasa, ni katuni ya kichekesho: aghalabu kisanduku kimoja, watu wawili watatu, na sentensi moja. Haina habari ya kupasha wala kiongozi wa kumlenga. Yahusu mume na mke, mdeni na mdai, karani na mwananchi, mgeni asiyeondoka na mwenyeji asiyethubutu kumwambia.

Tuchukue mfano wa kubuni. Picha yaonyesha dirisha la ofisi. Mbele yake pana foleni ndefu. Ndani pana kiti kitupu, na juu ya mgongo wa kiti limetundikwa koti la karani. Mzee mmoja katika foleni amwambia mwenzake: "Leo afadhali. Koti halijamtukana mtu." Ondoa picha, na sentensi hiyo haina maana. Ondoa sentensi, na umebakiwa na picha ya koti. Viwili hivyo vikikutana, mwananchi acheka, na karani asomaye gazeti hilo ajipapasa mabegani kuona kama koti lake analo. Sisi wenyewe ni watumishi wa serikali, na twakiri kwamba waraka wa kurasa nne juu ya nidhamu kazini haujapata kututia aibu kama itiavyo picha ya namna hiyo.

Mwalimu wa fasihi ataona hapa jambo analolijua. Kitendawili nacho huweka picha mbele ya msikilizaji, kisha kikangoja neno la kuifungua. Methali nayo hubana mambo mengi katika maneno machache. Mchora vichekesho hufanya kazi za hao wawili kwa pamoja, tena hana ruhusa ya kujieleza. Mshairi akishindwa kulisema jambo lake katika ubeti wa kwanza, anao wa pili. Mchora vichekesho hana kisanduku cha pili.

Hoja ya ugeni

Wapinzani wetu wana hoja tatu, nasi tutazijibu moja moja. Hoja ya kwanza husema kwamba katuni ni mgeni, imekuja na Wazungu pamoja na mitambo yao ya kuchapia, na kwa hiyo haina nafasi katika utamaduni wa taifa. Neno ni geni, hatukatai. Asili yake ni Kitaliano, na huko lilikuwa na maana ya karatasi nzito ya kuchorea kielelezo cha picha kubwa. Likaingia katika Kiingereza. Na mwaka 1843 jarida la Punch la London likalipa maana ya picha ya dhihaka. Lakini tukiyafukuza maneno kwa sababu ya asili yake, tutabaki mabubu. "Gazeti" lina asili ya mbali huko huko Utaliano. "Kitabu", "fasihi" na "shairi" yana asili ya Kiarabu, na hapana aliyethubutu kusema kwamba shairi si letu. Chombo huwa cha watu pale watu wanapokipakia mambo yao.

Na mambo yaliyopakiwa katika chombo hiki ni yetu tangu zamani. Kabla ya gazeti palikuwa na utani. Babu na mjukuu, Mnyamwezi na Mzaramo, walipewa na mila ruhusa ya kuambizana ukweli mchungu bila kugombana, hata msibani. Palikuwa na Abunuwasi, ambaye naye alitoka mbali akawa mwenyeji, na ambaye kazi yake ni kuwaumbua wakubwa kwa hila. Palikuwa na Sungura. Kule Kenya mchoraji Edward Gitau alimpa mhusika wake jina la Juha Kalulu, na Juha huyo akaishi miaka mingi katika kurasa za gazeti la Taifa Leo. Litazameni jina hilo: "juha" ni yule mpumbavu wa hadithi za pwani, na "kalulu" ni sungura katika baadhi ya lugha za Kibantu. Mpumbavu na mjanja wamekutana katika mtu mmoja. Hilo halikutoka London.

Hoja ya wepesi

Hoja ya pili ni kwamba kazi hii ni nyepesi, ya kujazia nafasi pale tangazo linapokosekana. Asemaye hivi hajapata kujaribu. Tufanye hesabu ndogo ambayo mwanafunzi aweza kuisahihisha. Mtu achoraye kichekesho kimoja kila siku ya kazi, siku sita kwa juma, majuma 52, atatoa vichekesho 312 kwa mwaka. Kwa miaka kumi ni 3,120. Mshairi aliyetoa diwani ya mashairi mia moja twamwita gwiji. Na sisi tutungao mashairi twalijua jasho la mia moja hiyo. Mshairi, tena, aweza kungoja mpaka moyo umtume. Mchora vichekesho hawezi kumwambia mhariri kwamba leo hakuamka na kicheko. Pengine amefiwa, pengine mtoto yu hospitali, pengine mshahara umechelewa. Mtambo huanza kwa saa yake, na kisanduku kinamngoja kikiwa kitupu.

Kazi hiyo ina sharti jingine ambalo ni gumu kuliko wingi. Mhusika hana budi kubaki yule yule huku nchi ikibadilika. Hebu tukumbuke mambo tuliyoyapita tangu 1967: vijiji vya ujamaa, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, miaka ya foleni za sukari na sabuni, kisha soko huria, vyama vingi mwaka 1992, na hatimaye simu katika kila kiganja. Mtu mzima hubadili hata namna ya kutembea katika miaka hiyo yote. Mhusika wa katuni yampasa awe na pua ile ile, tamaa ile ile na bahati mbaya ile ile, na bado awe na jambo la leo la kusema. Riwaya humaliza safari yake katika kurasa mia mbili. Maisha ya mhusika wa katuni hayana ukurasa wa mwisho ila siku mchoraji anapoweka kalamu chini.

Ndiyo maana majina ya wahusika hawa huingia katika lugha. Shuleni kwetu kijana mwenye vituko aliitwa Chakubanga hata na walimu ambao wasingeweza kumtaja aliyemchora. Waliokuja baadaye walikuwa na Lodi Lofa, Pimbi, Kipepe na Madenge wa Sani. Kisha pakawa na Kingo wa James Gayo, na Kipanya wa Ali Masoud. Mhusika ajulikana, naye aliyemwumba amefichwa nyuma yake kama mshika mwenge usiku. Philip Ndunguru, mmoja wa mikono bora iliyochora katika Sani, alifariki mwaka 1986 angali kijana. Mwulizeni mwanafunzi wa kidato cha nne amtaje mchoraji wa Tanzania, atamtaja Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, na atakuwa amesema kweli, kwa maana jina la Tingatinga limekuwa jina la mtindo unaojulikana duniani. Mwulizeni habari za Gregory au za Ndunguru, mtaona atakavyowatazama.

Hoja ya adabu

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na wanaoitoa ni watu wema. Husema kwamba vichekesho vya magazetini huharibu adabu za vijana. Hapa hatutamtetea kila mchoraji. Tumeona vichekesho ambavyo mwanamke hana kazi ndani yake ila kupigwa au kutamaniwa. Tumeona kilema akichekwa kwa ulemavu wake, na kabila zima likichekwa kwa matamshi yake. Hizo ni kazi mbovu, na ubovu wake ni wa tabia na wa ufundi kwa pamoja. Mchoraji aliyekosa kuona jambo jipya amekimbilia kumcheka mtu asiyeweza kumjibu. Utani wa wazee wetu ulikuwa na kanuni: anayetaniwa hujibu, na anayetania hukubali kujibiwa. Kichekesho kinachovunja kanuni hiyo kimetoka katika utani na kuingia katika matusi, hata kama kimechorwa kwa mkono hodari.

Lakini tuwaulize wenzetu hawa: dawa ya shairi bovu ni nini? Je, tulipoona mashairi mabovu tuliupiga marufuku ushairi? La. Tulileta wahakiki. Tulifundisha vina na mizani, tukabishana magazetini miaka nenda miaka rudi juu ya shairi lisilo na vina, na katika ubishi huo wasomaji wakajifunza kupambanua zuri na baya. Katuni haijapewa bahati hiyo. Tumekwisha iita upuuzi, na upuuzi hauna mhakiki. Mchoraji mzuri na mchoraji mbaya wote wamewekwa katika kapu moja. Yule mzuri hapati sifa, yule mbaya hapati lawama iliyo na maelezo. Kisha twashangaa mbona kazi haiboreki.

Aibu yetu wenyewe

Tusingependa msomaji adhani kwamba twawanyoshea wengine vidole huku sisi tumesimama pembeni. Tulipokuwa shule ya sekondari, mwenzetu mmoja alikuwa na daftari ambalo kurasa zake za nyuma zilijaa vichekesho. Aliwachora wapishi, waangalizi wa bweni, na sisi wenyewe tukigombania ukoko. Siku moja alimchora mwalimu wa zamu amelala katika kiti, na chini akaandika: "Mwalimu yu katika kusahihisha." Daftari likakamatwa. Alipigwa viboko mbele ya shule nzima, na daftari likatiwa motoni pale jikoni, pamoja na masomo ya mwaka mzima yaliyokuwa katika kurasa za mbele. Sote tulikuwa tumecheka na daftari lile kwa mihula miwili. Siku ile hakuna hata mmoja wetu aliyefungua kinywa. Leo mwenzetu yule huandika majina ya maduka kutani kwa rangi. Twamjua, twasalimiana naye, na hajachora mtu tena.

Miaka mingi baadaye, tukiwa watumishi katika ofisi moja ya umma, tuliketi katika kamati ya kupanga maonyesho ya sanaa za taifa. Orodha ilikuwa na ngoma, uchongaji, ususi, ufinyanzi, ushairi na maigizo. Kijana mmoja, mgeni kazini, aliuliza kama katuni zaweza kuingizwa. Watu wakacheka. Mwenyekiti akasema kwamba hayo ni mambo ya magazeti, tuendelee. Nasi tuliendelea. Tulipotoka kwenda kunywa chai tulipita katika chumba cha mwandishi wetu mahsusi, na ndani ya mlango wa kabati lake tukaona kichekesho kilichokatwa gazetini na kubandikwa kwa gundi, kimekaa hapo mpaka karatasi imegeuka rangi ya chai. Katika ofisi ile nzima, ile ndiyo picha pekee ambayo mtu aliitundika kwa kuipenda. Hatukurudi mkutanini kulisema hilo. Twalisema sasa, tumechelewa.

Na lipo jambo la tatu, dogo, ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Baada ya baba yetu kufariki tulisafisha kabati la vyombo la mama. Rafu zilikuwa zimetandikwa magazeti ya zamani, yaliyokatwa kwa mkasi yaenee ubao. Chini ya sahani tulimkuta Chakubanga. Mafuta yalikuwa yamepenya karatasi, lakini uso ulionekana, mdomo wazi, mkono hewani, yuko katikati ya kusema jambo. Mkasi ulikuwa umepita juu kidogo ya maneno. Tulikaa sakafuni tukiitazama picha ile muda mrefu. Tarehe haikuwapo, na kichekesho hakikuwapo. Mtu alikuwa akitaka kutuambia neno, na sisi tulikuwa tumelikata ili sahani zikae vizuri.

Funzo la Mwalimu Sikujua

Watatokea wa kusema kwamba magazeti yenyewe yamehifadhiwa katika maktaba, kwa hiyo hapana kilichopotea. Jibu letu ni kwamba karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo ya miti, na asidi iliyomo huifanya igeuke manjano, ikauke na kuvunjika. Hata ikidumu, picha elfu tatu zilizotawanyika katika majuzuu mazito ya magazeti si diwani, kama vile mawe yaliyotawanyika mlimani yasivyo nyumba. Kazi hudumu pale mtu anapoinuka kuikusanya.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Leo twamfundisha kama baba wa ushairi wa mambo ya dunia. Lakini Muyaka alipotunga alitunga juu ya watu wa mjini kwake: vita na Unguja, mapenzi, deni, njaa, majigambo na masengenyo. Katika siku zake yawezekana walikuwapo waliosema kwamba hayo ni mambo ya barazani, si mashairi. Yangekufa pamoja na waliokuwa wakiyakumbuka. Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya kutoka vichwani mwa watu na kuyaandika, akishirikiana na Mwingereza W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa mwaka 1940 mjini Johannesburg chini ya uhariri wa W. Hichens, miaka mia moja baada ya kifo cha mshairi. Na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa kitabu kizima juu ya Muyaka na mashairi yake.

Walimu wenzetu, litafakarini jambo hili. Muyaka mmoja hakutosha, alihitajiwa Sikujua. Leo vichekesho vyetu vina akina Muyaka wake. Sikujua wake yuko wapi?

Wengine wamefanyaje?

Ili msomaji asidhani kwamba twadai lisilowezekana, tutoe mfano wa India, nchi iliyotawaliwa na Mwingereza kama sisi. R. K. Laxman alizaliwa Mysore mwaka 1921. Chuo kimoja mashuhuri cha sanaa mjini Bombay kilikataa kumpokea. Mwaka 1947, mwaka ambao India ilijitawala, alianza kazi katika gazeti la Times of India, na mwaka 1951 akaanza kisanduku kidogo cha kila siku ambamo alimweka mzee mmoja mwenye upara, aliyevaa dhoti na koti la miraba. Mzee huyo, ambaye wasomaji walimwita Mtu wa Kawaida, hasemi neno. Husimama pembeni akisikiliza ahadi za wakubwa na malalamiko ya mkewe, na macho yake humwambia msomaji yaliyobaki. Laxman aliichora kazi hiyo kwa zaidi ya miaka hamsini.

India ilimfanyia nini? Mwaka 1988 Mtu wa Kawaida aliwekwa katika stempu ya posta. Mwaka 2001 sanamu yake ya shaba ilisimamishwa mjini Pune, na ikazinduliwa na Rais wa nchi. Mwaka 2005 Laxman mwenyewe akapewa nishani ya Padma Vibhushan, ambayo ni ya pili kwa ukubwa kati ya zile wanazopewa raia wa nchi hiyo. Alipofariki tarehe 26 Januari, 2015, aliagwa kwa heshima za serikali. Vichekesho vyake vilikuwa vimekwisha kusanywa katika vitabu, juzuu kwa juzuu. Taifa lile lilitambua kwamba mtu aliyelionyesha uso wake kila asubuhi kwa nusu karne amelifanyia kazi ambayo hata wanahistoria wake watamwazima.

Kwetu, Mwalimu Nyerere alipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 alieleza kwamba utamaduni ndio kiini na roho ya taifa. Je, roho ya taifa hulia na kuomba tu? Roho hiyo haicheki?

Yatupasayo kutenda

Makala yasiyo na shauri ni kelele. Kwa hiyo twatoa mashauri manne.

Kwanza, zikusanywe. Taasisi zinazohusika na lugha na sanaa, pamoja na magazeti yenyewe, ziandae diwani za picha: diwani ya Chakubanga, diwani ya Sani, na nyinginezo, kila picha ikiwa na jina la mchoraji, jina la gazeti na tarehe. Kazi hiyo hata shule za sekondari zaweza kuianza. Klabu ya Kiswahili yenye wanafunzi kumi, daftari moja na ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mkoa yaweza kuorodhesha vichekesho vya mwaka mzima katika muhula mmoja.

Pili, zifundishwe. Mwalimu afundishaye kejeli, tashtiti na taswira achukue kichekesho kimoja, aufunike mstari wa maneno kwa karatasi, na awaulize wanafunzi maneno hayo yangekuwa yapi. Kisha aufunue. Watajifunza katika dakika tano kile ambacho maelezo ubaoni hayawezi kuwapa katika vipindi viwili. Na wafundishwe pia kukikataa kichekesho kibovu, na kutoa sababu.

Tatu, mchoraji apewe haki yake. Nchi yetu ilikuwa na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966, na sasa ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Michoro ni kazi ya sanaa mbele ya sheria kama vile vitabu na nyimbo zilivyo kazi. Basi gazeti limwandikie mchoraji mkataba unaosema waziwazi mhusika ni mali ya nani, na picha ikichapwa tena italipwa nini. Siku hizi vichekesho husafiri kutoka simu hadi simu, na aghalabu jina la mchoraji limekatwa njiani. Ule mkasi wa kabatini kwa mama ungali ukifanya kazi, ila sasa umehamia mikononi mwetu sote. Kila mwanafunzi asomaye hapa na aapie jambo moja: hatampelekea mwenziwe picha iliyokatwa jina.

Nne, atunzwe angali hai. Tunazo tuzo za waandishi na za wanamuziki. Mchora vichekesho naye apewe yake. Maua ya kaburini hayamlishi mtu wala hayamfundishi kijana kwamba kazi hiyo ni ya heshima.

Na wewe, mwanafunzi, ambaye kurasa za nyuma za daftari lako zina nyuso za watu: usizichane. Andika jina lako chini ya kila picha, uandike na tarehe. Kisha mwalimu wako akikuita, tunamsihi mwalimu huyo, kwa ajili ya mwenzetu yule aandikaye majina ya maduka, kwamba kabla ya kukamata fimbo aitazame picha yenyewe mpaka mwisho.

Tumezoea kufunga maneno yetu kwa shairi, basi na tufunge kwa ubeti mmoja:

Mchoraji wa kicheko, twamweka wapi wenzangu?
Kalamu yake mwandiko, wa mambo ya walimwengu;
Mla rushwa na vituko, humwonya kwa neno chungu;
Tusimwache kwenye jiko, moto kuwashia chungu.